Nilimwambia Akate Waya

Wiki jana mliniacha nimelala kifudifudi mbele ya mlango wangu mwenyewe, hapo Lokesheni ya Bondeni, mguu wa Hedimani Waithaka ukiwa juu ya shingo yangu. Wengine wenu mmeniandikia barua za pole. Asanteni, lakini pole hizo ziwekeni kwanza. Mkimaliza kusoma ya leo mtataka niwarudishie.

Kwa aliyechelewa nitasema upesi. Mimi ni Thuo, fundi. Nililelewa kwenye shamba la mzungu kule juu ya Molo, na aliyenifundisha kazi ni Mzee Kosgei, fundi mkuu wa shamba lile. Yeye Mkipsigis, mimi Mkikuyu, na nilikula sahani moja na mwanawe Kiplangat mpaka tukaota ndevu. Mzungu aliponunua injini ya dizeli, aliitupa mashini yake ya upepo, ile yenye mabawa mawili ya mbao yanayozungusha dainamo na kujaza betri. Nikaiomba, nikapewa. Nikaileta Nakuru kwa treni, nikaisimamisha kwenye mlingoti juu ya bati la nyumba yangu.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Mtaa mzima watu walikuwa wanatumia koroboi, na mimi nina taa mbili za umeme na redio. Majirani wakaiita pangaboi la Thuo.

Sasa, Hali ya Hatari ilikuwa imekwisha tangazwa, na shemeji yangu, ndugu ya mke wangu Wamuyu, ameingia msituni kupigana na serikali. Waithaka, hedimani wa mtaa aliyewekwa na serikali, akapata pa kushikia. Akasema pangaboi linapeleka habari kwa watu wa msituni. Akanipa mpaka Jumapili niwe nimelishusha. Jumapili ikafika, pangaboi liko juu, linazunguka.

Basi turudi chini ya ule mguu.

"Shusha," akasema Waithaka.

"Hedimani, niache nifunge mkia kwanza," nikasema. Mdomo ulikuwa umejaa mchanga.

"Mkia? Kwani hii ni ng'ombe?"

Homgadi wake, mgambo wa serikali, akacheka. Alikuwa mtu mmoja mnene kama gunia la viazi, na ndiye aliyekuwa amenikalia miguu. Waithaka hakucheka. Alinishushia rungu la mgongo, halafu la pili, halafu la mdomo. Nikatema jino.

Ndugu msomaji, nieleze habari ya mkia, kwa sababu balaa yote imetoka hapo. Pangaboi lina mkia nyuma, na kutoka kwenye mkia kuna mnyororo unaoteremka mpaka juu ya bati. Ukivuta mnyororo, mkia unajikunja, mabawa yanakaa kando ya upepo, yanasimama. Neno la kwanza kabisa Mzee Kosgei alilonifundisha ni hili: funga mkia, ndipo uguse waya. Ukikata waya kwanza, dainamo inakosa mzigo. Ni kama punda anayevuta mkokoteni mlimani, halafu kamba zikakatika. Mabawa yanakwenda mbio mpaka mbao inapasuka, na hakuna anayejua itaruka upande gani. Mzungu alikuwa amefunga vijibati vya kupunguza mwendo, lakini vilivunjika kitambo kule Molo.

Na siku hiyo upepo haukuwa wa mchezo. Ilikuwa Februari, ziwa la Nakuru limekauka kando kando, na vumbi jeupe la magadi lilikuwa linapita juu ya nyumba zetu likiwasha macho.

Wamuyu akatoka ndani, mwiko wa uji mkononi. Hakuwa analia.

"Hedimani, hiyo mashini ni ya taa. Ingia uone taa yenyewe," akasema.

"Ndugu yako anaiona kutoka huko msituni?"

"Akiiona, ataona pia jinsi unavyojua kupiga mtu aliyelala chini."

Ala! Mke wangu ana mdomo, na niliupenda mdomo huo kabla sijapenda kitu kingine. Waithaka aliinua rungu. Wamuyu akakinga kichwa kwa mkono wa kulia. Nikasikia mfupa ukivunjika, na mwiko ukaanguka karibu na uso wangu.

Nikajaribu kuinuka. Yule mnene akanibana. Wamuyu aliketi kwenye kizingiti, ameshika mkono wake na mkono mwingine, midomo imekuwa ya majivu. Waithaka akamsogelea tena na rungu lake.

Hapa ndipo ninapoungama. Jambo hili sikuwahi kumwambia kasisi wala polisi.

Hasira ilinipanda mpaka ikapoa. Mnaijua hasira inayopoa? Ndiyo mbaya. Nikasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

"Hedimani, mwache mama. Umeshinda. Ukitaka isimame, kata ule waya mwekundu ukutani."

"Huu?"

"Huo huo. Simama hapo chini ya mlingoti, ukate."

Wamuyu akanitazama. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka saba, na habari ya waya aliijua kama anavyojua chumvi ya mboga yake. Alifungua mdomo, akaufunga.

Waithaka akachomoa panga la homgadi, akakata waya kwa pigo moja.

Kwanza hakikutokea kitu. Waithaka akacheka. "Na hii ndiyo mashini yenu ya kutisha watu?"

Halafu pangaboi likaanza kulia. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikapanda tena, mpaka bati la nyumba likatetemeka na misumari ikaanza kutoka. Watu waliokuwa wanachungulia wakatawanyika. Waithaka akatazama juu, na nikaona kicheko kikimtoka usoni. Nilifurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi.

Ndipo nikasikia mtu anaita kutoka mwanzo wa kichochoro.

"Nani amekata? Thuo! Mkia! Fungeni mkia!"

Alikuwa Kiplangat.

Sikujua yuko hapo. Alikuwa askari wa serikali mwaka wa pili huo, na asubuhi ile alikuwa amepewa kazi ya kuzuia watu kule mwisho wa kichochoro. Baadaye nilisikia alikuwa amekataa kuja mpaka mlangoni kwangu, kwa aibu. Lakini alikulia chini ya mashini ile. Sauti yake aliijua.

Alitupa bunduki chini akaja mbio. Akakanyaga pipa la maji, akashika ukingo wa bati, akapanda.

"Kiplangat, shuka!" nikapiga kelele. "Achana nayo! Shuka!"

"Itaua watu!" akajibu.

Nilipigana na yule mnene. Nilimng'ata mkono nikasikia chumvi ya damu yake, akanipiga kichwa chini, nikamng'ata tena. Hakuniachia. Kiplangat alikuwa ameupata mnyororo. Akavuta. Mnyororo ukagoma. Akaweka mguu kwenye mlingoti, akavuta kwa uzito wake wote, na mkia ukajikunja nusu. Pangaboi likageuka ghafla upande wake, na bawa moja likapasuka.

Sikuliona likiruka. Nilimwona Kiplangat tu, jinsi alivyotoka juu ya bati bila kuruka, akaanguka chali kwenye vumbi. Ubavu wa kushoto ulikuwa umefunguka.

Na Waithaka, huyo niliyemchimbia shimo? Alikuwa amechutama nyuma ya pipa la maji. Hakupata hata mkwaruzo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilimwingiza ndugu yangu.

Yule mnene aliniachia sasa, kwa sababu ya mshtuko. Nikatambaa mpaka kwa Kiplangat. Alinitambua. Alikuwa anapumua kwa tabu, na damu inatoka na pumzi.

"Mnyororo una kutu, Thuo," akaniambia. "Ungeutia grisi."

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Alinigombeza kama fundi anavyomgombeza fundi mwenzake aliyezembea. Akafa kabla lori halijafika hospitali, akidhani kwamba ilikuwa ajali.

Usiku ule mimi na Wamuyu tulifungiwa kwenye posti ya Waithaka, kambi ya homgadi. Mkono wake haukufungwa hata kwa kitambaa. Nilirarua shati langu nikaufunga, na alipotulia kidogo aliniambia neno moja.

"Baba Mumbi, nyamaza." Mumbi ni binti yetu, alikuwa kwa nyanya yake Gilgil. "Nyamaza kabisa. Mtoto hawezi kukosa wote wawili."

Jumatatu asubuhi, afisa wa kizungu akaja na gari lake la lendrova. Aliwekewa meza uani. Askari wa serikali amekufa wakati wa Hali ya Hatari, na mtu wa kufa kwa ajili hiyo lazima apatikane. Kila mtu alijua kwamba ni kamba.

"Nani kata waya?" akauliza, kwa kile Kiswahili chao.

Waithaka akapiga saluti. "Huyu mama, Effendi. Alichukua panga yake ya jikoni akakata. Ndugu yake iko msituni. Walitaka kuua askari."

"Mwongo!" nikasema. "Amekata yeye!"

Yule mnene alinipiga ngumi ya tumbo, nikakunjamana. Alikuwa na kitambaa mkononi, pale nilipomng'ata.

Akatokea Awuor, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mke wa mtu wa reli. Hakuitwa, alisukuma watu tu akaja mbele.

"Bwana, mimi niliona na macho yangu hii mawili," akasema. "Hedimani ndiye alikata. Angalia Mama Mumbi. Mkono imevunjika. Mtu wa mkono imevunjika anakata waya namna gani?"

"Ulivunjika alipokuwa anakimbia, akaanguka," akasema Waithaka.

"Akaanguka juu ya rungu yako?"

Watu wakaguna. Waithaka alimzaba Awuor kofi moja, na alipoyumba akamzaba la pili. Homgadi wakamkokota nje kwa kilemba chake. Mpaka huko barabarani alikuwa bado anasema. Mzungu hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika.

Wakati huo huo lori la shamba likasimama langoni, na Mzee Kosgei akashuka.

Alikuwa amekuja kuchukua maiti ya mwanawe, na alikuwa amekwisha pita hospitali. Sanduku lilikuwa ndani ya lori. Alivaa koti lake la kanisani. Alitembea wima, na sikuweza kumtazama juu ya vifungo vya koti.

Mzungu alisimama kumpa mkono. Walijuana. Kosgei ndiye aliyekuwa akimtengenezea mashini yake ya maji.

"Kosgei, pole sana. Wewe jua hii mtu?"

"Namjua, Bwana. Nilimlea."

"Yeye fundi mzuri?"

Mzee Kosgei akanitazama. Nilikuwa na uso umevimba, jino limetoka, shati halina mkono. Machozi yakamlengalenga.

"Bwana, mashini ile nilimfundisha mimi mwenyewe," akasema. "Thuo hawezi kukata waya kabla hajafunga mkia. Hawezi kukubali mtu akate. Hata umshikie bunduki, atakwambia ngoja. Aliyekata ni mtu asiyejua."

Mzungu akaitikia kwa kichwa. "Basi, hii mtu hapana kosa. Mwanamke hapana jua mashini. Mwanamke nakata." Akachora mstari chini ya maandishi yake. "Bibi, kwenda Nairobi, korti, Alhamisi."

Mnaona? Mzee alikuwa ananitetea. Kila neno zuri alilonisemea lilikuwa linafunga fundo kwenye shingo ya mke wangu.

Wakamwinua Wamuyu. Homgadi mmoja akamshika mkono ule ule uliovunjika, akamvuta. Alipiga yowe ambalo hakupiga hata siku iliyotangulia. Wakamsukuma kwenye lendrova. Akageuka akanitazama, akatikisa kichwa. Nyamaza.

Nilimtii kwa pumzi tatu tu. Nilizihesabu.

Halafu nikapiga magoti mbele ya Mzee Kosgei nikasema. Lakini sikusema kwa Kiswahili. Nilisema kwa Kipsigis, lugha ya utoto wangu, lugha niliyokuwa nikitumia kumwomba radhi nilipopoteza spana. Mniulize kwa nini. Nilijidanganya kwamba ni heshima, kwamba baba wa marehemu asikie kwanza kabla ya mzungu. Heshima ilikuwepo kidogo. Kubwa zaidi ilikuwa woga. Pale uani hapakuwa na mtu mwingine wa kuielewa lugha hiyo, na mimi nilijua.

"Baba, waya alikata Waithaka, na mimi ndiye niliyemwambia akate. Nilitaka bawa limuue yeye. Nilijua litafanya nini. Sikujua Kiplangat yuko hapo."

Uso wa Mzee haukubadilika. Mkono wake tu, ulioshika kofia, ulifunga polepole mpaka kofia ikawa kama kitambaa cha kupangusia grisi.

"Sema nini?" mzungu akauliza.

Kila kitu kilisimama hapo. Mzee angegeuza maneno yangu kwa Kiswahili, Wamuyu angeshuka kwenye lendrova na mimi ningepanda. Nilikuwa tayari. Nadhani nilikuwa tayari.

"Ananipa pole, Bwana," akasema Mzee Kosgei.

"Mzee, mwambie!" nikasema, bado kwa Kipsigis.

"Nyamaza." Naye akanijibu kwa lugha ile ile, sauti ya chini, kana kwamba ananifariji. Aliweka mkono juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito. "Mzungu akikunyonga, mimi napata nini? Kesi ya nyumba yangu haikatwi kwenye meza hii."

"Na mke wangu?"

"Huyu bwana ananisikia. Nikimwambia kwamba nimeichunguza mashini na mbao ilikuwa imeoza, kwamba hakuna waya wala kitu, atamwachilia. Lakini si leo. Nitasema nikimaliza kumzika mtoto, na utakuwa umesimama mbele yangu ninapomzika. Ukitoroka njiani, sitasema. Ukifungua mdomo hapa kwa Kiswahili, watawanyonga wote wawili, watasema mlipanga pamoja. Chagua upesi."

Aligeuka kwa mzungu, akabadilisha lugha na sauti.

"Bwana, huyu na marehemu walikuwa ndugu. Naomba aje Molo anisaidie kuzika. Anahitaji pasi."

Mkikuyu alikuwa hawezi kusafiri bila pasi, kibali cha serikali, wakati ule, hata kwa kwenda kuzika. Mzungu akaandika kikaratasi, akapiga muhuri.

"Siku mbili. Wewe dhamana, Kosgei."

"Mimi dhamana."

Waithaka alinitazama nikipokea kile kikaratasi. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu alidhani nimemwacha mke wangu na kujiponya. Na Wamuyu, kutoka ndani ya lendrova, alikuwa ananitazama vile vile, lakini bila tabasamu. Yeye alinitaka ninyamaze, hakunitaka niende. Nilitaka kumpigia kelele kwamba nafanya hivi kwa ajili yake. Lendrova ikaondoka.

Nikapanda lori. Ndani mlikuwa na sanduku la mbao mpya, kamba ya katani, na majembe mawili. Mzee Kosgei hakukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma akaketi ng'ambo ya sanduku, tukatazamana, mwanawe katikati yetu.

Tukapita reli, tukashika barabara ya Molo. Vumbi jeupe likabaki nyuma, baridi ikaanza. Nilikuwa sina koti. Mzee alinitazama nikitetemeka, maili baada ya maili. Nilikumbuka kwamba Kiplangat alikuwa na kaka wawili wakubwa, na wajomba, na rika zima la vijana waliotahiriwa naye, wote shamba moja, wote wamekaa wanangoja sanduku.

Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Baba," nikasema, "huko nyumbani, ni wangapi wanaojua habari ya waya?"

Alivua koti lake la kanisani, akalitandika juu ya sanduku la mwanawe, akalinyoosha vizuri kwenye mabega.

"Hakuna," akasema. "Utawaambia wewe tukifika."